Shavu Lisiloguswa

Nyumbani kwa Mjomba,
Ghorofa ya pili, mlango wa kijani.
Jumamosi, 9 Agosti.

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Nilitaka kuanza kama ulivyonifundisha, salamu kwanza na mambo baadaye, lakini kuna sauti moja inayonitangulia kila nikikaa kuandika, na nisipoitoa hiyo sitaweza kuandika jingine. Ni sauti ya kofi. Ni kavu na fupi, kama mtu aliyefunga daftari kwa hasira, na baada yake inafuata pumzi ya mtu mzima inayoingia ndani na kukataa kutoka. Niliisikia kazini wiki tatu zilizopita, saa tano asubuhi, hedifoni masikioni na kikombe cha chai mkononi. Chai ile sikuinywa.

Sasa nakusalimu vizuri. Goti linaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia daktari amekukataza ngazi, nawe ukahamia chumba cha chini na kumwacha Baba Mkubwa juu na redio yake. Natumaini mmeshapatana, ama yeye ameshuka au redio imenyamaza. Na macho yake? Pacha wamefikia wapi na mitihani? Sisi hapa afya tunayo. Mkaza mjomba alikuwa na kikohozi, kimekwisha. Mjomba anasumbuliwa na mgongo kama kawaida, ila halalamiki. Mimi mwili ni mzima. Hayo mengine ndiyo yaliyonifanya nichukue karatasi badala ya simu, kwa kuwa simu ya nyumba hii inapigiwa sebuleni, na sebuleni yupo Mjomba.

Unakumbuka nilipokwambia nimepata kazi kwenye kampuni ya filamu, wewe ukauliza kama nitaonekana. Sionekani. Kazi yangu ni kukaa mbele ya kompyuta na kuunganisha vipande: huyu anafungua mlango, yule anageuka, kata hapa, bandika pale. Niliajiriwa kuwa msaidizi wa mhariri. Mhariri mwenyewe akaondoka mwezi wa pili, kwa hiyo nikawa mhariri kwa kazi bila kuwa mhariri kwa cheo. Bosi wetu tunamwita Mwalimu, kwa sababu alifundisha shule miaka mingi kabla ya kushika kamera, na mpaka leo akikueleza jambo mkono wake unatafuta chaki.

Filamu yetu inahusu mtaa mmoja wa mjini, ule wa maduka ya vifaa vya ujenzi. Watu wake ni wa kweli, si waigizaji. Mwalimu alitaka kuonyesha jinsi sisi weusi na Wahindi tunavyoweza kugusana mabega kutwa nzima katika mtaa mmoja, na jioni kila mtu akaenda kwao bila kujua jina la mwenzake. Kamera ilikaa pale karibu mwaka. Mtaa huo niliupendekeza mimi, kwa kuwa Mjomba anafanya kazi pale, na nilijua wapakizi wangetukubali kwa ajili yake.

Unajua kwamba anapakia na kupakua saruji na mabati kwenye duka la Mzee Bawaba. Jina hilo walimpa wapakizi wenyewe, kwa sababu mzee anauza bawaba na makufuli, na kwa sababu, wanasema, hata akicheka analia kama mlango mkavu. Ni Mhindi wa miaka sabini na kitu, mfupi, miwani imening'inia kwa uzi shingoni. Duka alilirithi kwa baba yake. Kaunta anakaa mjukuu wake wa kike, na karani ni mtoto wa ndugu yake.

Video uliyoiona kwenye simu ni ya mlango wa duka hilo. Najua umeiona, maana uliirudisha kwetu siku ileile ikiwa na ujumbe wako wa sauti. Ulikuwa unalia. Ulisema, "Ndugu yangu amepigwa kofi na mtu anayembebea mzigo!" Ukasema ulikumbuka yule mlinzi wa duka kubwa la huko kwenu, anayekufuata kati ya rafu na rafu kana kwamba mkoba wako una mikono. Mjomba aliusikiliza ujumbe wako mara mbili, akasema, "Dada ana moyo," akatoka kwenda kibarazani. Mimi niliusikiliza mara moja. Wakati huo nilikuwa najivunia.

Nikueleze jinsi kile kipande kilivyopatikana, na nitaeleza polepole kwa sababu kosa liko ndani ya kazi yenyewe, na asiyeijua kazi hawezi kuliona.

Ile siku ya ugomvi kulikuwa na kamera moja tu, ng'ambo ya barabara. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, wakati wa kufunga. Mjomba na Mzee Bawaba wamesimama mlangoni, wanasemezana. Palepale mambo yanapochemka, mkokoteni uliopakiwa magodoro ukapita mbele ya kamera. Magodoro yamepangwa mpaka juu. Kwa sekunde nne huoni kitu ila magodoro. Mkokoteni ukishapita, Mzee Bawaba ameinua mkono usawa wa uso, na Mjomba ametupa mgongo. Watu wanakimbilia. Basi.

Mwalimu aliniambia, "Hapa pamoto. Nitengenezee hiki kisa kabla ya chakula cha mchana." Nikatazama. Mkono wa Mhindi uko juu. Mtu mweusi amegeuza mgongo. Hakuna aliyeniambia kilichotokea, Mama Mkubwa, nami, uliyenibandika jina la Maswali, sikuuliza. Sikuuliza kwa sababu niliona nimeshajua. Nilikuwa na mjomba katika nyumba hii hii, ningeweza kumuuliza jioni tukila, lakini haikunipitia akilini kwamba kuna cha kuuliza.

Pengo la magodoro likanikera. Katika kazi yetu pengo linazibwa kwa kipande cha siku nyingine, na hakuna anayeona dhambi. Unahitaji paka juu ya ukuta, unachukua paka wa mwezi uliopita. Nikatafuta, nikampata Mjomba ameshika shavu, ameinama, macho yana maji. Kilikuwa kipande cha siku aliyoumwa na gego. Nakumbuka siku hiyo, mimi mwenyewe ndiye niliyekimbia kumletea dawa. Ovaroli ni ileile ya bluu, mlango ni uleule. Nikakibandika mahali pa magodoro. Shavu limeshikwa, kisha mkono wa mzee bado uko juu. Ukitazama, unalisikia kofi hata kama halipo.

Mwalimu alipoona alisimama. Alinishika bega, akasema, "Binti, hii ndiyo filamu." Katika miaka yangu yote ya shule hakuna mwalimu aliyewahi kusimama kwa kazi yangu. Nisingekwambia hili kama lisingekuwa na uzito.

Kipande hicho wakakitoa peke yake, cha kuwaonjesha watu kabla filamu haijatoka. Siku ya tatu kilikuwa kwenye kila simu. Yaliyofuata mengine umeyasikia. Vioo vya maduka mawili ya Wahindi vilivunjwa, na mwenye moja ya hayo hajawahi hata kumjua Mzee Bawaba. Wapakizi waliandika barua kwa baraza la mji kutaka mzee anyang'anywe leseni, na sahihi ya kwanza ni ya Mjomba. Baraza litasikiliza shauri Jumanne hii, tarehe kumi na mbili.

Na Mjomba akawa mtu mkubwa. Mwanzoni wenzake walimtania tu. Akifika kijiweni wanasimama, "Mheshimiwa Shavu, karibu kiti! Kaa upande usiouma!" Naye anajibu, "Ushuru wa kutazama shavu utalipwa kwa foleni, msisukumane." Wanacheka mpaka wanashika mbavu. Lakini baada ya mwezi utani ukageuka heshima. Wameamua awe mwenyekiti wa chama chao. Mkaza mjomba amempigia pasi suti ile ya msiba wa mama yangu, maana hana nyingine.

Ndipo ikafika ile asubuhi ya chai. Kazi iliyobaki ilikuwa kusafisha sauti za filamu nzima. Kumbe siku ya ugomvi Mzee Bawaba alikuwa na maikrofoni ndogo imebanwa kwenye kola ya shati lake. Walikuwa wamemhoji mchana kuhusu baba yake, wakasahau kuitoa. Sauti hiyo ilikuwa kwenye faili lake peke yake na hakuna aliyewahi kulifungua. Nikalifungua. Dakika saba.

Nakuandikia kama nilivyosikia. Mzee anasema, "Fungua vifungo, pandisha shati." Mjomba anasema, "Nimepandisha." "Juu zaidi. Zunguka." Mjomba anasema, "Mzee, kuna watoto wa kike hapa." Na mzee, kwa sauti ya mtu anayehesabu misumari, bila hasira yoyote, anasema, "Hata wao wanawajua ninyi watu." Kisha inakuja ile sauti. Inakuja kwa nguvu, pale pale kwenye kola, kisha miwani inaanguka, kisha ile pumzi ya mzee iko karibu nami kana kwamba nimelala kifuani kwake. Na kwa mbali, sauti ya Mjomba: "Leo nimechoka. Leo nimechoka, Mzee."

Nikarudia kukitazama kipande changu. Nyuma ya Mjomba aliyeshika shavu kuna saa ya ukutani ya duka. Inaonyesha saa nne asubuhi. Watu wangapi wametazama ile video, na hakuna hata mmoja aliyetazama saa, nikiwemo mimi niliyeibandika.

Ule mkono wa mzee ulioinuka ulikuwa unatafuta miwani.

Nilikaa na jambo hili wiki moja na siku kadhaa bila kumwambia mtu. Nilikuwa nakuja nyumbani, nakula, naosha vyombo. Nilijiambia kwamba mzee naye hana usafi. Kumpekua mtu kila jioni asije akaiba, kama vipande vyetu vinavyoonyesha, na Mjomba yuko pale miaka kumi na miwili, na wapakizi weusi peke yao! Karani wake anatoka na mkoba wake begani, hagusiwi hata kamba. Nikajiambia kofi moja la uongo ni dogo mbele ya mashati yote yale. Karibu nijiamini.

Kisha mwishoni mwa Julai mjukuu wa mzee akapigwa jiwe akifunga duka. Lilimpata juu ya nyusi. Ana miaka kumi na tisa. Nilimwona kwenye vipande vyetu labda mara mia, anakula mbegu za alizeti na kuficha maganda ndani ya droo ya risiti babu yake asione. Unapomkata na kumbandika mtu kwa mwaka mzima unamjua hata kama yeye hakujui.

Nikaenda kwa Mwalimu. Nikamsikilizisha zile dakika saba. Alisikiliza zote, kichwa ameinamisha. Nilidhani atashtuka. Akavua hedifoni polepole, akasema, "Sasa wewe unataka nini?"

Nikasema kipande kitolewe, na watu waambiwe.

"Sikiliza, binti. Yule mzee hakupiga siku ile. Lakini watu wake wametupiga miaka yote, kwa macho, kwa maneno, kwa kutuhesabu mifukoni. Filamu inasema ukweli mkubwa. Wewe unanitolea ukweli mdogo wa sekunde nne."

"Na upekuzi? Kamera iliuchukua kabla ya magodoro kupita, nami nikaukata kama kitu cha kila siku. Huo si ukweli?"

"Niliutazama. Unachosha. Mtu anapandisha shati, anashusha shati. Nani atakaa kutazama?" Kisha akanitazama bila ukali, kama anavyotazamwa mwanafunzi anayependwa, akasema, "Na usisahau ni mkono wa nani uliokibandika."

Nilipokuwa nateremka ngazi niliona jambo ambalo sikuwa nimeliona. Kwa kuweka kofi ambalo halikuwepo, tulilitupa shati ambalo lilikuwepo. Mji mzima unamlilia Mjomba kwa jambo ambalo hakutendewa, na alilotendewa kweli hakuna anayelijua.

Jumapili iliyopita nikamwambia Mjomba. Mkaza mjomba alikuwa kanisani. Mjomba alikuwa ameketi jikoni, anapaka viatu rangi, gazeti limetandazwa chini. Nikasema nimesikia sauti. Sikuhitaji kusema sauti gani. Brashi ilisimama.

"Umesikia yote?"

"Yote, Mjomba."

Akaendelea kupaka kiatu kilekile, kilichokuwa tayari kinang'aa. Akasema, "Unajua, nimeitazama ile video mpaka shavu likaanza kuniuma. Nikilala upande huu naliona limevimba." Akacheka kidogo. Mimi sikuweza.

Nikamuuliza kwa nini hakusema tangu mwanzo. Akasema siku ile alikwenda nyumbani akijua amefukuzwa kazi, pengine atakamatwa. Alimpiga mzee wa kumzaa. Alikaa siku tatu anasubiri polisi. Mzee hakushtaki wala hakusema, nadhani naye aliona aibu kusema amepigwa na mpakizi wake. Karani akampigia simu arudi kazini. Basi wakaendelea, mmoja anapandisha shati, mwingine anatazama, hawasemezani. Kisha ikatokea video, na watu wakaja kumpa pole. "Ningewaambia nini? Rudisheni pole zenu?"

Nikamwambia kuhusu Jumanne. Nikamwambia nataka kupeleka zile dakika saba kwa baraza la mji, upekuzi na kofi pamoja, ili wajue kwa nini alipiga. Nilidhani sehemu ya upekuzi itampa nafuu. Nilidhani nampelekea haki yake mikononi. Mama Mkubwa, ndipo alipokasirika.

"Usionyeshe shati."

"Lakini shati ndilo linalokutetea."

"Linanitetea?" Akainuka, brashi bado mkononi. "Mwenyekiti mzima nisimame na kitambi nje, nazungushwa kama mbuzi wa mnada, na wewe uniambie linanitetea? Kupigwa kofi naweza kusimulia. Nimelisimulia mpaka limekuwa tamu. Ile ya shati sijamwambia hata mke wangu. Miaka kumi na miwili ninarudi hapa, ananiuliza kazi ilikuwaje, nasema nzuri."

"Wenzako nao wanapandisha. Wote wanajua."

"Wote tunajua na hakuna anayesema. Hiyo ndiyo heshima iliyobaki, wewe msomi. Hiyo tu."

Nikasema, "Na yule binti wa kaunta?"

Alirudi kukaa. Akakusanya gazeti la rangi, akalikunja mara nyingi mno, likawa dogo kama bahasha. Mkaza mjomba alipoingia akauliza mbona nyumba imepoa hivi. Mjomba akasema, "Tunapaka viatu."

Hivyo ndivyo nilivyobaki, kati ya watu wawili wazima. Nikinyamaza, mzee ananyang'anywa duka na mjukuu wake anaendelea kupigwa mawe, kwa kazi ya mkono wangu. Nikipeleka kofi bila shati, Mjomba anakuwa mhuni aliyempiga mzee bure. Nikipeleka vyote, namvua nguo mtu aliyenilea tangu nikiwa darasa la sita, aliyenisomesha kwa mgongo ule ule unaomuuma.

Jumatano nikaenda dukani. Sijui nilitaka nini. Pengine nilitaka nimkute mzee ni mwema, mambo yawe mepesi. Lango la bati lilikuwa limeshushwa nusu, nikaingia kwa kuinama. Binti alikuwa kaunta, bandeji juu ya jicho. Alinitazama mikono kwanza, kisha uso. Nikaomba kufuli dogo. Mzee mwenyewe akalileta.

Nikajitambulisha kwamba mimi ni wa ile filamu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Ninyi watu mmenimaliza." Ninyi watu! Kwa dakika nzima nilitamani kuondoka na kumwachia duka lake, baraza lake na kila kitu.

Badala yake nikamuuliza, "Mzee, uliwahi kukuta kitu kwenye shati la mtu?"

Akafikiri kweli. Alikuwa anafikiri, namwona mpaka sasa. "Mara moja. Misumari."

"Lini?"

"Baba yangu akiwa hai." Kisha akaongeza, kana kwamba anajitetea kwa mtu mwingine aliyesimama nyuma yangu, "Yeye ndiye aliyeanzisha. Mimi nimeendeleza."

Binti akasema bila kuinua kichwa, "Nilikwambia, Babu. Nilikwambia kila siku." Mzee akamjibu kwa lugha yao, maneno mawili, na binti akaifunga droo ya risiti. Nikalipia kufuli, nikatoka. Sikumpenda mzee kuliko nilivyoingia. Niliona tu kwamba sihitaji kumpenda.

Alhamisi asubuhi nikamrudia Mjomba kabla hajatoka. Nikamwambia sitaiweka ile picha kwenye simu za watu, sasa wala baadaye. Nitaipeleka barazani, chumba cha mlango uliofungwa, wajumbe watano. Nikamwambia nitapeleka yote, shati na kofi, kwa sababu sehemu bila sehemu ndiyo iliyotufikisha hapa. Na nitaandika kwa mkono wangu kwamba kipande cha shavu nilikibandika mimi. Nikamuuliza kama ananipa ruhusa.

Akavaa ovaroli, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, ambacho hafungagi. "Ukiniomba ruhusa nitasema hapana," akasema. "Kwa hiyo usiniombe." Akafungua mlango. Tangu hapo hatujasemezana. Sijui kama alinikataza au aliniachia, na nimelifikiria neno lake kila upande. Nisikudanganye kwamba nimepata upande unaonipendelea.

Mama Mkubwa, najua wewe ulilia kwa ajili ya shavu lile, na wanawake wa kikundi chako cha maombi walilishikia maombi wiki nzima. Nisamehe. Machozi yale niliyatengeneza mimi kwenye kompyuta. Waambie wenzako ukipenda, au usiwaambie, lakini wewe ujue.

Ninaandika hivi kwa sababu Mjomba atakupigia simu. Pengine atakuwa na hasira, pengine hatasema lolote na utamsikia tu anapumua. Nakuomba jambo moja. Usinitetee. Msikilize yeye kwanza na umsikilize mpaka mwisho, hata akisema mimi ni nyoka aliyemfuga. Wewe ni dada yake kabla hujawa mama yangu mkubwa. Na akifika kwenye habari ya shati, kama atafika, usimwambie kwamba nilishakueleza. Mwache akusimulie mwenyewe, upya.

Nisalimie Baba Mkubwa, umwambie redio aipunguze kidogo. Wasalimie pacha, na mwambie yule mkubwa wao kwa dakika tatu kwamba bado ananidai barua. Mkaza mjomba anakusalimu, ingawa hajui ninaandika nini. Mungu akushike mkono kwenye kila ngazi, na akupe watu wanaokutazama usoni kabla ya mkobani.

Jana, Ijumaa, nilikwenda barazani. Nilifika kabla hawajafungua. Nilimkabidhi katibu kadi yenye picha na sauti, dakika saba, pamoja na maelezo ya kurasa nne. Akaniuliza kama nataka niandikwe tu kuwa mfanyakazi wa kampuni, jina lisitajwe. Nikasema hapana. Nikaandika majina yangu yote matatu, nikatia sahihi, akagonga muhuri mbele yangu. Kutoka hapo nikapita ofisini, nikaziacha funguo juu ya meza ya Mwalimu, nikarudi nyumbani kuwahi kupika, maana Ijumaa ni zamu yangu.

Mimi mwanao, akupendaye hata utakapokuwa umenikasirikia,

Maswali wako.